Nani atalitunza Kasri la Egerton, Njoro?

Upanuzi wa barabara kuu ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025, umerejesha swali la kale katika Kaunti ya Nakuru: mgeni anayefika Naivasha kwa urahisi zaidi atavutwa na nini aendelee mbele hadi Gilgil, Nakuru na Njoro?

Jibu la kawaida huwa wanyama na maziwa. Naivasha ina ziwa lenye viboko na mbuga ya Hell's Gate. Elementaita na Nakuru zina ndege. Hata hivyo, ukanda huu una hazina nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni majumba yaliyoachwa na walowezi wa Kizungu.

Kando ya Ziwa Naivasha lipo jumba la Djinn Palace, lililojengwa katika miaka ya 1920 na ambalo baadaye liliishiwa na Lord Erroll, yule bwanyenye aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi mwezi Januari 1941 katika kisa ambacho hakijapata ufumbuzi hadi leo. Jumba hilo limo ndani ya shamba la watu binafsi. Jirani yake ni Elsamere, makao ya Joy Adamson, mwandishi na mtetezi wa wanyama aliyefariki mwaka 1980, ambayo sasa ni makumbusho na nyumba ya wageni.

Jumba kubwa kupita yote hayo, hata hivyo, haliko Naivasha. Liko Njoro, umbali usiozidi kilomita 20 kutoka jiji la Nakuru, na mwenyewe si tajiri wala kampuni ya maua. Mwenyewe ni chuo kikuu cha umma.

Hilo ni Kasri la Lord Egerton, lenye vyumba 52, mali ya Chuo Kikuu cha Egerton. Hapo ndipo ulipo utata. Chuo kinachokabiliwa na ukosefu wa fedha za kuwalipa wahadhiri wake kwa wakati kinatakiwa pia kuwa mlinzi wa jengo la mawe na mbao za thamani ambalo halikujengwa ili kufundishia.

Ili kulielewa jengo hilo, ni sharti kumwelewa aliyelijenga, na pia ardhi ambayo lilijengwa juu yake.

Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa kikabaila uliokuwa ukimiliki shamba la Tatton, katika jimbo la Cheshire nchini Uingereza, tangu mwaka 1598. Alikuwa mtu wa mitambo na safari. Aliwahi kuwa rafiki wa Wright na nduguye, wavumbuzi wa ndege, na mwaka 1910 alipata cheti nambari 11 cha urubani kutoka kwa klabu ya kifalme ya urubani nchini mwake. Alipenda pia kupiga picha na kuwinda. Mwaka 1920 alirithi cheo cha baba yake, akawa Baron Egerton wa nne.

Katika miaka hiyo ya 1920 ndipo alipoanza maisha yake Njoro. Hakuikuta nchi tupu, japo ndivyo vitabu vya walowezi vilivyozoea kuandika. Mkataba wa mwaka 1904 kati ya serikali ya kikoloni na viongozi wa Wamaasai ulikuwa umewaondoa wafugaji hao kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, ikiwemo Naivasha na Nakuru, ukawapeleka Laikipia. Miaka saba baadaye, mkataba wa 1911 uliwahamisha tena kutoka Laikipia kwenda kusini.

Ardhi iliyoachwa wazi iligawiwa Wazungu. Lord Delamere alianzisha shamba lake Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, akajaribu ngano na kupata hasara kubwa kutokana na ugonjwa wa kutu. Ni hasara hizo zilizoifanya Njoro kuwa kitovu cha utafiti wa ngano, kwani kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa hapo mwaka 1927. Kituo hicho kingali kinafanya kazi, na katika karne hii wanasayansi wa nchi nyingi wameleta mbegu zao Njoro zijaribiwe dhidi ya kutu hatari ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katika mazingira hayo Lord Egerton alianzisha miradi miwili karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1938 ujenzi wa kasri ulianza. Mwaka 1939 alianzisha Shule ya Kilimo ya Egerton kwenye ekari 740, ili vijana wa Kizungu wafundishwe ukulima.

Mwaka huohuo wa 1939, serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyochora rasmi mipaka ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Kwa hiyo shule na kasri vilizaliwa wakati mlango wa ardhi ulipokuwa ukifungwa kwa Mwafrika kwa nguvu za sheria. Aliyeruhusiwa kubaki juu ya ardhi hiyo alibaki kama kibarua au maskwota.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilisimamisha ujenzi wa kasri. Kazi iliendelea baada ya vita na kukamilika mwaka 1954.

Tarehe hizo zina maana. Mwaka 1954 Kenya ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Si mbali na Njoro, maskwota wa Olenguruone walikuwa wamefurushwa miaka michache tu iliyotangulia, na viapo vyao vilikuwa miongoni mwa mbegu za vita vya Mau Mau. Mafundi walikuwa wakiweka mbao za mwaloni ukutani huku wakulima wasio na ardhi wakitiwa kizuizini kwa maelfu.

Kwa upande wa usanifu, neno 'kasri' lahitaji kuelezwa. Jengo hili si ngome. Halina handaki la kuzuia maadui wala minara ya kurushia mishale. Ni jumba la kikabaila la mashambani, la aina ambayo matajiri wa Uingereza walijijengea tangu karne ya 18 ili kuonyesha kwamba wao ndio wenye nchi. Mchoro wake, kazi ya msanifu Mwingereza Albert Brown, unakumbusha jumba la ukoo wake kule Tatton.

Kuta zake ni za mawe ya kijivu, na kwa ndani kuna ukumbi mkubwa wa dansi uliozungushiwa mbao, ngazi za mwaloni, mahali pa kuotea moto kwa ajili ya baridi ya Njoro, na kinanda kikubwa cha mabomba cha aina inayopatikana makanisani. Kipo pia chumba cha giza ambamo mwenye nyumba alisafishia picha zake.

Upekee wa jengo uko katika mchanganyiko huo. Mawe ni ya hapa nyumbani, lakini mpango wa vyumba, mbao na mapambo vilitolewa ng'ambo. Ukumbi wa dansi ulijengwa kwa ajili ya umati wa wageni, ilhali mwenyewe aliishi peke yake. Jengo zima ni kama hotuba iliyotolewa kwa hadhira ambayo haikufika.

Hapa ndipo simulizi maarufu inapoingia. Mgeni yeyote anayezuru kasri husimuliwa kwamba Lord Egerton alimpenda mwanamke wa tabaka lake, akamjengea nyumba ya kwanza, naye mwanamke huyo akaidharau kwa udogo wake. Ndipo, kwa mujibu wa simulizi, akajenga kasri, nalo likakataliwa vilevile. Tangu hapo, inasemekana, aliwachukia wanawake wote na kuwapiga marufuku kukanyaga ardhi yake.

Kwamba hakuoa ni kweli, na kwamba hakuacha mrithi ni kweli pia. Cheo cha ukoo wake kilikoma alipofariki Januari 1958. Lakini hesabu rahisi inatosha kuonyesha kwamba simulizi hiyo haiwezi kubeba uzito wote inaotwikwa. Ujenzi ulipoanza alikuwa na umri wa miaka 64. Ulipokamilika alikuwa akitimiza 80. Jumba linalojengwa kwa miaka 16, likikatizwa na vita vya dunia, halielezeki kwa hasira ya mapenzi pekee. Linaelezeka vizuri zaidi kwa imani ya tabaka zima kwamba ukoloni ungedumu vizazi na vizazi.

Imani hiyo ilikuwa na makosa. Lord Egerton aliishi katika kasri lake lililokamilika kwa muda usiozidi miaka minne. Miaka mitano baada ya kifo chake, bendera ya Uingereza iliteremshwa.

Kinaya ni kwamba mradi wake wa pili, ule uliokuwa mnyonge kwa sura, ndio uliodumu. Shule ya kilimo ilipandishwa hadhi mwaka 1950 na kuanza kutoa stashahada, na mwaka 1955 ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton. Mwaka 1958 ilipata ekari nyingine 1,100 kutoka kwa mwanzilishi wake. Muda mfupi baadaye milango yake ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na baada ya uhuru Dkt William Odongo Omamo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza.

Mwaka 1979 chuo kilipanuliwa kwa msaada wa serikali za Kenya na Marekani. Mwaka 1986 kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyokifanya chuo kikuu kamili. Vyuo vikuu vya Laikipia, Chuka na Kisii, vilivyopata hati zao mwaka 2013, vyote vilianzia chini ya mbawa zake.

Chuo kilichoanza kwa ajili ya wana wa walowezi kimewafundisha maelfu ya maafisa wa kilimo ambao walipeleka maarifa katika mashamba madogo ya wananchi. Na kuhusu nyumba inayosemekana kuwakataza wanawake kuingia, inatosha kusema kwamba Profesa Rose Mwonya alikiongoza chuo hicho kama naibu chansela hadi mwaka 2021, na kwamba siku hizi kasri hukodishwa kwa sherehe za harusi.

Mwaka 1996 jengo hilo lilitangazwa kuwa mnara wa kumbukumbu ya taifa. Tangazo la aina hiyo si pambo. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, mwenye jengo lililotangazwa hawezi kulibomoa wala kulibadilisha apendavyo bila idhini. Kwa maneno mengine, chuo kinamiliki jengo lakini hakina uhuru wa kulitumia kama mabweni au madarasa mengine yoyote.

Wajibu huo haukuja na fedha, na hapo ndipo mzigo unapoanza.

Majengo ya mawe huangamizwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Kigae kimoja kikivunjika juu ya paa, mvua hupenya polepole, hulowesha dari, kisha mbao za ukutani, na mbao zilizolowa huwaalika mchwa na kuvu. Mfereji wa paa ukiziba kwa majani, maji hutiririka ukutani na kula saruji iliyoshikilia mawe. Kazi ya kuzuia hayo ni ndogo na ya kila mwezi: kuzibua mifereji, kubadilisha vigae, kukagua nyaya za umeme. Kazi ya kuyarekebisha yakishatokea ni kubwa na huhitaji mafundi ambao ni nadra kupatikana. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Moto ni hatari ya pili. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, lililokamilika mwaka 1941, liliteketea pamoja na kumbukumbu nyingi zilizohifadhiwa humo. Serikali ya Uganda ililazimika kulijenga upya kwa sura yake ya awali, na lilifunguliwa tena Oktoba 2024. Mwezi Aprili 2021, moto uliotoka mlimani uliichoma maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini.

Makerere ilikuwa na bahati ya kuwa alama ya taifa zima. Hakuna rais ambaye angekubali lionekane gofu juu ya kilima kile. Je, kasri la Njoro lingepata huruma hiyo? Ni vigumu kusadiki. Na jengo lililozungushiwa mbao kavu, ambalo huandaa karamu zenye jenereta na taa za kukodi, haliwezi kuitegemea bahati.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini senti moja ya umma itumiwe kupamba nyumba ya mlowezi. Mwezi Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walirejea kazini baada ya mgomo wa siku 49 waliokuwa wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa mishahara wa miaka ya 2017 hadi 2021. Egerton chenyewe kimeshuhudia masomo yakikatizwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya malipo. Mhadhiri ambaye hajalipwa karo ya mwanawe hawezi kuambiwa kwamba kigae cha kasri ni muhimu kuliko mshahara wake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Katika Bonde la Ufa, historia ya ardhi si somo la darasani tu. Januari 2008, Naivasha na Nakuru zilishuhudia umwagaji damu ambao mizizi yake ilifika hadi kwenye ugawaji wa mashamba baada ya ukoloni. Hadi leo chuo na wakazi wamekuwa wakizozania shamba la Ngongongeri. Kulitukuza jumba la aliyepewa ardhi huku wengi wakiwa hawana pa kulima kwaweza kuonekana kama kejeli.

Hoja hizo hazipaswi kupuuzwa, lakini hazielekezi kwenye kuliacha jengo lioze. La kwanza linalotokana nazo ni kwamba fedha za kasri zisichukuliwe kutoka kwa fungu la mishahara na masomo. La pili ni kwamba kasri lisitunzwe kama kaburi la shukrani kwa Lord Egerton, bali kama ushahidi. Hakuna kitabu kinachoweza kumwonyesha mwanafunzi wa Naivasha au Molo tofauti ya maisha katika koloni kwa uwazi kuliko nyumba ya vyumba 52 ya mtu mmoja.

Kwa sasa ushahidi huo hausemi. Mgeni husimuliwa habari za mwanamke aliyekataa kuolewa, wala haambiwi ni akina nani waliochonga mawe, walilala wapi na walilipwa nini. Kuta zina nafasi ya kutosha kueleza mikataba ya Wamaasai, amri ya 1939, Olenguruone, na safari ya chuo kutoka shule ya Wazungu hadi chuo kikuu cha umma. Idara ya historia iko chuoni humohumo. Kazi hiyo haihitaji mabilioni.

Mfano uko karibu. Makumbusho ya Hyrax Hill mjini Nakuru, yaliyofunguliwa mwaka 1965, yamo ndani ya nyumba ya zamani ya mlowezi, lakini anayeingia humo husoma habari za watu walioishi kilimani hapo karne nyingi kabla ya mlowezi huyo.

Mfano mwingine uko mbali, na unagusa familia hiyohiyo. Lord Egerton alipofariki mwaka 1958, jumba la Tatton alilirithisha shirika la hifadhi la Uingereza, National Trust. Shirika hilo ndilo mmiliki, lakini anayeliendesha ni serikali ya mitaa, ambayo leo ni baraza la Cheshire East. Vichwa vya wanyama aliowawinda Afrika vingali vimetundikwa huko, na watu hulipa kuviona. Mtu mmoja aliacha majumba mawili mwaka mmoja. Moja lilipata mpango wa matunzo, jingine likasubiri karibu miaka 40 kabla ya kutambuliwa na taifa.

Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu mpango kama huo. Jedwali la Nne limeipa serikali ya kitaifa wajibu wa kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa, na limezipa kaunti makumbusho pamoja na utalii wa mashinani. Kasri la Egerton linaangukia pande zote mbili, na mmiliki wake ni wa tatu. Kwa desturi ya serikali, jambo la watu watatu huwa si la mtu yeyote.

Yanayohitajika basi ni maamuzi matatu. Kwanza, Makavazi ya Kitaifa, chuo na Kaunti ya Nakuru watie saini mkataba unaotaja nani atalipia paa, nani ataajiri waelekezi na nani atakagua nyaya. Pili, ada za viingilio na harusi ziwekwe kwenye akaunti ya pekee ya matengenezo, na hesabu zake zichapishwe kila mwaka. Tatu, masharti ya kukodisha yaandikwe upya ili karamu zifanyike bustanini, na ukumbi wa mbao na kinanda chake uachiwe wageni wachache kwa wakati mmoja.

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, viongozi wake waliahidi kuitangaza kwa utalii. Barabara inapopanuliwa kupitia Naivasha, watalii watakaofuata watauliza kuna nini zaidi ya flamingo. Mvua za masika, kwa upande wake, hazitasubiri mkutano wa wadau. Baraza la Chuo Kikuu cha Egerton ndilo lenye hatimiliki, na kwa hiyo ndilo linalopaswa kuwa la kwanza kuwaita wengine mezani.